Kufundisha Usomaji wa Masharti katika Matangazo ya Kazi

Katika vipindi vyetu vya Kiswahili, tangazo la kazi aghalabu hutumiwa kama kianzio tu cha barua ya maombi. Mwanafunzi husoma jina la kazi na anwani, kisha hushika kalamu. Kijana mmoja tuliyemfundisha aliandika barua safi, lakini aliambatisha hati ya matokeo ya kidato cha nne mahali palipotakiwa cheti. Hakuitwa kwenye usaili. Kosa halikuwa la uandishi bali la usomaji, na sehemu ya kosa hilo ni yetu sisi walimu.

Zana: Tangazo moja la nafasi ya udereva katika halmashauri latosha. Kwa kawaida hudai cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C, uzoefu wa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na umri usiozidi miaka 45.

Hatua ya 1: Maneno ya kiasi. Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, kwa kuwa kikanushi huwapotosha. Mwalimu achore mstari wa miaka ubaoni. "Usiopungua mwaka mmoja" huanzia 1 na kupanda. "Usiozidi miaka 45" huishia 45 na kushuka. Aulize: mwenye miaka 45 kamili anaruhusiwa? Naam, kwani hajazidi.

Hatua ya 2: Viunganishi. "E au C" humtosheleza mwenye mojawapo. Lakini leseni na cheti vyote viwili hudaiwa. Kimoja hakifidii kingine.

Hatua ya 3: Sharti na nyongeza. "Awe na" ni sharti. "Atapewa kipaumbele" ni nyongeza; asiyekuwa nayo asikate tamaa, bado aweza kuomba.

Hatua ya 4: Ushahidi. Wanafunzi wachore jedwali la safu tatu: sharti, maana yake, na hati ya kulithibitisha. Wakumbushwe kwamba matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hukataa hati za matokeo, na kwamba aliyesoma nje ya Tanzania hutakiwa vyeti vyake vihakikiwe na mamlaka husika.

Tathmini: Wapewe waombaji watatu. Juma ana cheti na leseni ya daraja C aliyoitumia miezi minane. Asha ana cheti, leseni ya daraja E na uzoefu wa miaka miwili bila ajali. Umri wake ni miaka 45. Musa ana leseni na uzoefu wa miaka kumi, lakini hana cheti. Nani aombe? Kila jibu litajwe pamoja na neno la tangazo linalolithibitisha. Mwanafunzi atakayesema "Asha" bila kuonyesha neno hilo, amebahatisha tu.

Barua ya maombi ifundishwe baada ya hapo, katika kipindi kinachofuata. Hatuna budi kuutanguliza usomaji, kwani barua nzuri haiwezi kuokoa ombi lisilotimiza sharti.