Dondoo muhimu: Kufundisha grafu za mihimili

Mwalimu wa Kasongo au Kabambare, somo hili halihitaji vifaa maalumu vya kununua.

1. Anza kwa vitu vya kushika: panga vifuniko vya chupa safu kwa safu kabla ya kuchora.
2. Waulize wanafunzi: kwao wanalima nini zaidi, mpunga, mihogo, mahindi au karanga?
3. Andika majibu kwenye jedwali kwanza: kijiti kimoja kwa kila mtoto, cha tano kikikata vinne.
4. Tumia daftari la miraba. Likikosekana, pigeni mistari kwa rula.
5. Anzeni namba za pembeni na 0. Zikianzia juu ya 0, tofauti ndogo itaonekana kubwa.
6. Nafasi za namba ziwe sawa: 0, 2, 4, 6; wengi huruka ghafla hadi 10.
7. Mihimili yote iwe na upana mmoja. Watoto hupenda kunenepesha ule ulioshinda.
8. Grafu isiyo na kichwa wala majina ya mazao, irudishe ikamilishwe.
9. Wasome kilele cha mhimili kwa kufuata rula hadi kwenye namba, wasikisie kwa macho.
10. Usiishie kwenye "Zao lipi limeongoza?" Uliza pia, "Limezidi kwa ngapi?"