Mayai Yanakwenda Sokoni, Mtoto Anakunywa Chai ya Rangi



Wiki iliyopita nilikuwa upande wa Konde kwa kijana mmoja mfugaji. Kuku wa mayai 100, banda safi, daftari la chanjo limeandikwa vizuri, nikampa hongera zake. Siku hiyo aliokota mayai 80, yote yakapangwa kwenye trei kusubiri gari. Huku tunazungumza, mwanawe wa mwaka na nusu kaketi mkekani na kikombe cha chai ya rangi na kipande cha muhogo. Nikamuuliza, na huyu yai lake liko wapi? Akacheka: "Bwana shamba, haya ya biashara."

Basi leo siandiki juu ya kideri wala mbolea. Naandika juu ya presha na sukari. Usione nimeacha kazi yangu. Maradhi haya mzizi wake mmoja uko kwenye chakula cha mtoto, na chakula kinatoka kwetu.

Tumezoea kusema presha ni ya watu wazima, ya wanene, ya wenye mawazo. Ni kweli chumvi, uzito na kukaa kitako vinachangia. Lakini mwaka 1986 daktari wa Uingereza, David Barker, na mwenzake Clive Osmond walionyesha kwamba sehemu za nchi yao zilizokuwa na vifo vingi vya watoto wachanga miaka ya 1921 hadi 1925 ndizo zilizokuja kuwa na vifo vingi vya moyo nusu karne baadaye. Uholanzi, watu waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945 walipopimwa wakiwa na miaka 50 hivi, miili yao ilikuwa inashindwa kuimudu sukari. Kama unaona huko mbali, njoo Nigeria. Waliozaliwa wakati wa njaa ya Biafra, vita vya 1967 hadi 1970, walipimwa mjini Enugu wakiwa na miaka 40 hivi, wakakutwa na presha na sukari zaidi kuliko waliozaliwa baada ya njaa kwisha.

Inakuwaje? Fikiria ndama. Akikosa maziwa miezi ya mwanzo, hata umlishe vipi baadaye haufikii umbo la mwenzake. Mwili wa mtoto nao, chakula kikiwa kidogo, unagawa: ubongo unapewa kwanza, vingine vinangoja. Vichujio vya figo hutengenezwa tumboni, na mimba ikifika wiki ya 36 hivi kazi imekwisha. Mtu hapati vingine maisha yake yote. Mwenye vichache, figo zake zinafanya kazi kwa nguvu zaidi, na presha inapanda. Kongosho linalotoa insulini nalo linakua dogo, misuli inakuwa haba. Mwili umejipanga kwa ajili ya dunia ya shida.

Hapa mfano wa ndama unanivunjikia. Ndama dhaifu ukimnenepesha haraka, ni faida. Binadamu ni kinyume. Mtoto aliyekosa mwanzo, kisha akaja kupata boflo, soda, chipsi na uzito wa haraka, ndiye aliye hatarini zaidi. Na vijana wetu wengi ndio safari yao hiyo: utoto wa muhogo mkavu, ukubwa wa pesa ya karafuu.

Mimi nilizaliwa 1971. Wazee wa Pemba wanaijua miaka ile, mchele wa mgao na foleni. Leo nakunywa dawa ya presha. Siwezi kusema imetokana na njaa ile peke yake, maana chumvi nayo naipenda, lakini sishangai tena kama zamani.

Sasa hesabu. Tangu mimba kuingia hadi mtoto kutimiza miaka miwili ni siku 1,000: 270 za tumboni na 730 za nje. Hapo ndipo panapojengwa zaidi. Yule kijana wa Konde ana mke mjamzito na mtoto mmoja. Mayai mawili kwa siku kati ya 80 ni sehemu moja ya 40. Kuku wawili au watatu tu ndio wanaofanya kazi ya nyumbani. Andika kwenye daftari kama unavyoandika pumba na dawa. Usipoandika, siku bei ikipanda utayauza.

Anayelima mboga za kupeleka Unguja atenge matuta mawili ya matembele na mchicha yasiyouzwa. Anayelima kunde abakishe pishi za kutosha kuvuka masika, maana miezi ya kusubiri mpunga uive ndiyo miezi ya sufuria tupu. Dagaa wakavu wakisagwa wanaingia vizuri kwenye uji wa mtoto. Njugu pia, ila zianike zikauke kabisa, na yenye ukungu itupe, usimpe hata kuku.

Jambo moja nalisema kwa ukali kidogo. Usikimbilie kununua vidonge vya kuongeza damu ukampa mtoto kwa kubahatisha. Hapa hapa Pemba ulifanyika utafiti kwa watoto zaidi ya 20,000, matokeo yakatolewa 2006: penye malaria nyingi, waliopewa madini ya chuma bila kupimwa kwanza walilazwa na kufa zaidi. Mpeleke kituo cha afya apimwe. Mama mjamzito yeye anywe anavyopewa kliniki, asiache.

Na wewe uliyelelewa kwa shida, usiseme basi imeshapita. Pima presha walau mara moja kwa mwaka hata kama una miaka 25 na unabeba gunia. Kwenye chai punguza vijiko, si kimoja tu.

Marando ya viazi lishe ninayo, vile vya rangi ya chungwa, vizuri kwa macho ya watoto na vinauzika pia. Anayetaka aje asubuhi mapema na gunia lenye unyevu, yasinyauke njiani. Yule kijana wa Konde ameshachukua lake.