Ufuo wa Jana na wa Leo: Somo kwa Watoto wa Chekechea, Moi's Bridge

Mtoto wa miaka mitano anayeishi Moi's Bridge yuko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Wengi wao wameiona bahari kwenye simu ya mzazi au kwenye kalenda tu. Hata hivyo, mwalimu wa PP1 au PP2 anayetaka kufundisha "zamani na sasa" anaweza kuanzia ufuoni. Mtoto huelewa mahali pa kuchezea kabla hajaelewa mwaka ni nini, kwa hivyo acha tarehe kando. Mwambie, "wakati nyanya alikuwa mdogo kama wewe," na atakufuata.

Mfano mzuri ni Forodhani, Unguja. Jina lenyewe linatoka kwa neno forodha, kwani hapo palikuwa pa kupokelea mizigo na kutoza ushuru. Miaka ya 1930 pakageuzwa bustani, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Mwaka 2009 bustani hiyo ilifunguliwa tena baada ya kukarabatiwa, na siku hizi jioni familia hukaa hapo zikila pweza na kunywa maji ya miwa huku watoto wakikimbizana. Chora picha tatu: magunia, bustani, watoto. Zichanganye, kisha waambie wazipange. Watabishana. Waache wabishane kidogo, kwa sababu hapo ndipo somo lilipo.

Kwa mfano wa hapa Kenya, chukua Mama Ngina, Mombasa. Kwa miaka mingi watu waliketi chini ya mibuyu wakila mihogo ya kukaanga na kutazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Mwaka 2019 pakajengwa upya, na Rais akapafungua Sikukuu ya Mashujaa, Oktoba 20. Waulize watoto: ni nini kimebadilika, na ni nini kimebaki? Njia na viti ni vipya. Mibuyu ni ya zamani, na meli bado zinapita.

Ufuo wenyewe pia hubadilika kila siku. Weka mchanga upande mmoja wa karai, upande wa pili umimine maji, kisha uliinamishe taratibu huku na huku. Maji yakirudi nyuma, bahari imekupwa na uwanja wa mpira umetokea. Yakipanda, bahari imejaa na uwanja umepotea. Pwani hutokea hivyo takriban mara mbili kwa siku. Katika darasa moja nililotembelea, mtoto aliuliza uwanja huo ni wa nani. Jibu liko katika Katiba ya 2010, Kifungu cha 62: ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kifungu hicho hicho kinataja mito, kwa hivyo Nzoia yetu imo.

Sasa rudini nyumbani. Mji huu uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Hoey aliyejenga daraja juu ya Nzoia, na ukabadilishwa jina baada ya uhuru. Mwalike kogo au kukhu wa mmoja wa watoto aje darasani. Aeleze walichezea wapi kati, bano na kuruka kamba, na mpira wao wa makaratasi ulifungwa kwa nini. Kisha aonyeshe mahali penyewe. Mara nyingi mzee atanyoosha kidole kuelekea maduka au nyumba za kupangisha. (Mimi mwenyewe nilijifunzia baiskeli kwenye uwanja ambao leo ni ghala la mahindi.) Wachoreni watoto ramani mbili za mtaa, ya kogo na ya kwao, na muzitundike ukutani.

Ramani hizo zina kazi nje ya darasa pia. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua haki ya mtoto kucheza, na elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Ikiwa mtaa wako umebakiwa na uwanja mmoja wa wazi, mzazi, muulize msimamizi wa wadi kama uwanja huo umesajiliwa kuwa wa umma, na ulitaje jambo hilo katika vikao vya ushirikishwaji wa umma wakati wa kuandaa bajeti. Ni rahisi kuulinda kabla mawe ya ujenzi hayajamwagwa.

Tahadhari moja kwa walimu: mchanga wa karai unaweza kununuliwa au kuombwa kwa wajenzi. Msiwatume watoto mtoni kuuchota. Nzoia hupanda ghafla mvua ikinyesha mbali juu, hata siku ambayo hapa Moi's Bridge jua linawaka.