Mistari Sambamba Mbele ya Kioo

Wenzangu, mistari sambamba ikiakisiwa, je, usambamba wake huvunjika? Hebu tuone. Chukua y = 2x + 1 na y = 2x − 3. Yote miwili ina mteremko wa 2.

Mhimili wa x ukiwa ndio kioo, kila y hugeuka −y. Tunapata y = −2x − 1 na y = −2x + 3. Mteremko umegeuka kuwa −2, lakini umegeuka kwa yote miwili, kwa hivyo bado ni sambamba. Kwa mhimili wa y pia ni vivyo hivyo.

Lakini jihadhari! Ukiakisi ule wa pili peke yake, utakutana na wa kwanza penye (½, 2). Basi katika mtihani soma swali vizuri: wanataka mstari mmoja au yote miwili?