Tundu la USB likivunjika nyuma ya kompyuta

SWALI: Matundu mawili ya USB nyuma ya kompyuta yangu ya mezani yamelegea, na moja ulimi wake wa plastiki umekatika. Fundi anasema ninunue mazabodi nyingine. Kweli hayabadilishiki?

JIBU: Yanabadilishika, ila kazi yake si ndogo. Matundu ya nyuma hayafungwi kwa skrubu. Yamelehemiwa kwenye mazabodi yenyewe. Tundu la USB 2.0 lina pini 4, la USB 3.0 lina 9, na mara nyingi mawili hukaa ghorofa ndani ya fremu moja ya chuma, kwa hiyo halitoki moja bila jingine. Tabaka za shaba ndani ya mazabodi hunyonya joto. Risasi ya kulehemu isipoyeyuka vizuri nawe ukavuta, unang'oa njia za umeme. Hapo ndipo mazabodi hufa kweli.

Ipo njia nyepesi. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Fungua kasha, utafute kwenye mazabodi safu ya pini 9 iliyoandikwa USB pembeni. Safu hiyo hulisha matundu mawili. Nunua bamba lenye matundu na waya wake, ulifunge kwenye nafasi tupu ya kadi kwa nyuma. Kama safu zote zimeshatumika, weka kadi ya PCIe yenye matundu ya USB.

Lile lililovunjika lizibe kwa utepe wa umeme: pini zilizopinda zikigusana huleta shoti.