Peroksaidi Isiyotoa Povu Usiilipie

Gauni jeupe la ubatizo la binti yangu liliingia damu ya pua Jumamosi, na ibada ilikuwa kesho yake. Hapa Kafutuma peroksaidi ndiyo tegemeo letu kwa damu, basi nikamtuma kijana sokoni Kashikishi. Akaniletea kichupa cheupe kisicho na lebo, kilichokuwa kimepangwa juani pamoja na mafuta ya nywele. Nikamimina. Hakuna povu, doa likalowa tu. Nilipokirudisha, muuzaji akanijibu, "Mama, dawa ni ileile, damu yako ndiyo ngumu." Jibu lile liliniuma kuliko kwacha zangu.

Dawa haikuwa ileile. Hidrojeni peroksaidi ni kama maji yaliyobebeshwa oksijeni ya ziada, na tangu Louis Jacques Thénard aitengeneze Ufaransa mwaka 1818, tabia yake ni kutotulia. Mwanga na joto huivunja, oksijeni ikatoka, ukabaki na maji matupu. Ndiyo maana hutiwa chupa ya kahawia. Damu ina kimeng'enya kiitwacho katalesi, kinachoivunja papo hapo; lile povu ni oksijeni inayotoka.

Katalesi hiyohiyo imo kwenye kiazi kitamu kibichi. Hapo ndipo nilipopata njia. Nilikwenda duka la dawa na kiazi mkobani, nikamwambia muuzaji, "Mwanangu, nikilipa tunafungua hapahapa, isipochemka, unanirudishia pesa." Akakubali bila kununa. Nikakikata kiazi mbele yake (kikatwe wakati huohuo, kisikauke), nikadondosha matone machache kwenye nyama yake. Povu jeupe likapanda, na wateja wawili nyuma yangu wakaomba na chupa zao zijaribiwe. Duka lile nalisifu kila ninapopita. Kama huna kiazi, tumia damu au ini la samaki. Ufukweni hapa havikosekani.

Kuhusu doa lenyewe, hatua ni chache. Kwanza, nunua ya asilimia 3, yaani volyumu 10: lita moja hutoa lita 10 za oksijeni. Ile ya saluni ya volyumu 20 ni kali maradufu. Kitenge cha rangi kijaribu kwanza kwenye pindo, maana peroksaidi hung'arisha hata usichotaka. Pili, maji baridi tu. Shemeji yangu alikuwa ameshabandika maji ya moto, nikamzuia mlangoni, kwa kuwa moto huigandisha damu kwenye uzi. Tukamimina, likachemka, tukabonyeza kwa kitambaa, tukarudia mpaka povu likaisha na weupe ukarudi. Binti akabatizwa ndani ya gauni lake.

Usiichanganye na siki wala klorini. Kidonda usikioshe nayo kila siku, huchoma nyama changa. Sabuni na maji safi vinatosha.

Ndugu wauzaji, itoeni peroksaidi juani na muiache ndani ya chupa yake ya kahawia.