Ijue Taarifa ya Madeni Yako Bila Kulipa

Ndugu mkulima, kabla ya kuomba mkopo wa mbegu na mbolea, jua kwanza benki inaambiwa nini juu yako. Hapa Kenya ziko kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu zinazoweka kumbukumbu za mikopo: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kwa sheria, una haki ya kupewa taarifa yako bure mara moja kila mwaka. Fanya hivi:

1. Iombe wewe mwenyewe kwa kampuni yenyewe, kwa kitambulisho chako.

2. Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya simu au ya benki. Anayeitaka ni mwizi.

3. Usimlipe dalali anayeahidi kufuta jina lako. Deni huondolewa kwa kulipwa. Hata hivyo habari yake hubaki miaka 5, ikionyesha kuwa limelipwa.

4. Soma kila mstari. Ukikuta deni usilolijua, au ulilokwisha kulipa, peleka malalamiko pamoja na risiti.

Usingoje mvua. Kosa lisiposahihishwa mapema, wenzako watapanda nawe ungali ukibishana na benki. Basi tunza risiti kama unavyotunza mbegu.